Laptopu ya laki nne inayokubali programu huria tupu: Unguja na Pemba ipo?

#1 Maalim wa Konde
Asalaam aleikum. Nasomesha skuli huku Konde, Pemba. Natafuta laptopu ya mtumba isiyozidi laki nne, na ndani yake sitaki programu iliyofungwa hata moja, yaani ile ambayo kampuni imeficha msimbo wake na haikuruhusu kuinakili. Si Windows ya wizi, si draiva (programu za kuendeshea vifaa vya mashine) za siri. Mfumo nimeshachagua Trisquel, Linux ya programu huria tupu, nimeshautia kwenye flashi.

Wiki iliyopita nilivuka Unguja kwa shughuli nyengine, nikapita maduka ya Darajani na Mlandege na flashi yangu mfukoni. Duka moja lilikuwa na Dell Latitude E6430 mbili zimepangwa pamoja, rangi moja, stika moja, bei moja: 380,000. Muuzaji akaniruhusu nibuti kwa flashi, yaani niwashe mashine kwa mfumo uliomo kwenye flashi. Ya kwanza ikaona waifai ya duka pale pale. Ya pili haikuona kitu, hata jina la mtandao halikutokea. Flashi ile ile, meza ile ile. Muuzaji akaniambia ubovu uko kwenye flashi yangu, akaiwasha kwa Windows iliyomo ndani, waifai ikashika. Nikaondoka bila ya kununua.

Kwa nini moja ikubali na nyengine ikatae? Na mnanishauri ninunue mashine gani?

#2 Fundi Mchangani
Waleikum salaam maalim. Hiyo ni kadi, wala usihangaike. Modeli ni moja lakini kadi ya waifai hufuata oda. Ofisi moja Ulaya imeagiza kadi ya Intel, nyengine imeagiza ya kampuni nyengine, baada ya miaka zote zinauzwa kwa mafungu, zinachanganywa Dubai, zinatufikia sisi. Kadi za Intel zinataka faili la kampuni lipakiwe ndani ya kadi kila unapowasha mashine. Keneli ya Trisquel, yaani kiini cha mfumo, imeling'oa faili hilo, basi kadi inakaa kama jiwe. Windows inalo, kwa hivyo inashika. Kadi za Atheros za zamani zinazotumia draiva ya ath9k hazitaki faili lolote. Ungeandika lspci, amri inayoorodhesha vifaa vya ndani, ukasoma jina la kadi, mambo yangekwisha pale pale dukani.

#3 Kibarazani
Fundi umekimbilia mbali. E6430 ina kiswichi cha waifai ubavuni upande wa kulia, kidogo, hukioni mpaka ukipapase. Zimekuja kwenye maboksi zimegongana, kimoja kimesogea. Nimeona watu wanalipa fundi elfu kumi kwa kusogezewa kiswichi.

#4 Pweza Mkavu
Kibarazani soma tena, Windows ilishika. Swichi ingekuwa imezimwa isingeshika hata huko.

#5 Kibarazani
Na muuzaji alipoichukua kuiwasha tena, aliishika wapi? Ubavuni. Mkono wake ndio uliowasha.

#6 Chukwani Kwetu
Maalim unajitesa na Trisquel bure. Tia Debian. Nayo ni huria tupu na waifai inashika kila mashine niliyoijaribu.

#7 Bi Saateni
Chukwani, hapo umechanganya. Mpaka Debian 11, diski rasmi ya kusakinishia mfumo haikuwa na yale mafaili ya siri ya kadi, ilikuwa uyatafute mwenyewe. Mwaka 2022 wanachama wa Debian wakapiga kura, na kuanzia Debian 12 iliyotoka Juni 2023 diski rasmi inakuja nayo ndani. Ndiyo maana kwako inashika. Na hata kabla ya hapo, FSF, wale wa Free Software Foundation wanaotetea programu huria, hawakuwahi kuitia Debian katika orodha ya mifumo wanayoipendekeza, kwa sababu ghala yake ya programu ina sehemu ya zisizo huria. Trisquel imo katika orodha hiyo, Parabola imo, PureOS imo. Maalim ametaka huria tupu, na hiyo Debian siyo.

#8 Chukwani Kwetu
Ahsante bi kwa sahihisho. Lakini mie nataka laptopu ya kufanyia kazi, sikutia nia ya kufunga saumu.

#9 Maalim wa Konde
Fundi, lspci sikuandika. Muuzaji alishaanza kukunja uso na nyuma yangu kulikuwa na mtu anataka chaja.

Chukwani, nikueleze sababu. Chumba chetu cha kompyuta kina mashine za msaada, zote zimepigwa Windows isiyolipiwa. Kila mwanafunzi anakuja na flashi, na kila flashi ina kile kirusi kinachoficha mafaili na kuacha vishotikati. Nasafisha Jumatatu, Jumatano vimerudi. Sasa nataka nifundishe kwa kitu ambacho naweza kumnakilia mtoto yeyote bila ya kumfundisha wizi. Nikiwaambia "huu ni mfumo huria ila kuna vifaili vya siri humu hatuvigusi", somo limeshaharibika.

#10 Kariakoo Boy
Wakuu habari zenu. Visiwani mnachelewa, vukeni. Kariakoo ThinkPad X230 zimejaa, laki tatu na nusu unaondoka nayo, chuma cha kweli, kibodi tamu. Linux inapenda ThinkPad, inajulikana dunia nzima.

#11 Pweza Mkavu
Haya, Bara wameshafika kutuokoa. Nauli ya boti kwenda na kurudi umeitia kwenye hiyo laki tatu na nusu mkuu?

#12 Bi Saateni
X230 ni mashine nzuri, lakini ina mtego ambao Kariakoo Boy hakuutaja. BIOS ya Lenovo, ile programu inayowaka kabla ya mfumo, kwenye ThinkPad za enzi hizo ina orodha ya kadi inazozikubali. Ukiitoa kadi ya Intel ukatia Atheros ya elfu ishirini, mashine inawaka, inakuandikia kwamba kifaa hicho hakijaidhinishwa, na inagoma kuendelea. Uitoe kadi ndipo ikuachie. HP nyingi za wakati ule nazo hivyo hivyo. Kuiondoa orodha hiyo lazima ubadilishe BIOS yenyewe, na hiyo si kazi ya kila fundi. Latitude nilizozifungua mimi hazina orodha hiyo, unatia kadi unayotaka.

Kwa hivyo maalim jibu la swali lako la pili: nunua E6430 yoyote iliyo nzima, usijali kadi gani imo, halafu ibadilishe. Tafuta kadi ndogo ya mini PCIe iliyoandikwa AR5B95, hiyo ni Atheros AR9285. Mafundi wanazo kwenye makopo yao, wamezitoa kwenye mashine zilizokufa. Parafujo moja na nyaya mbili za antena. Jambo moja tu la kuangalia: E6430 ziko za aina mbili, nyengine ina kadi ya picha ya NVIDIA ndani. Iache hiyo. Chukua yenye Intel HD 4000 peke yake, inakwenda na draiva huria bila ya matata.

#13 Fundi Mchangani
Na bi hapo ndipo fumbo la maalim linapofumbuka vyengine. Huenda zote mbili zilikuja na Intel. Moja ilipita kwa fundi, kadi imekufa au imehamishwa, akatia aliyokuwa nayo koponi mwake. Muuzaji mwenyewe hajui.

#14 Kibarazani
Swichi.

#15 Jua Kali Fumba
Nyote mnazungumzia waifai, hamjagusa BIOS. Programu ya kwanza kuwaka ndani ya mashine ni ya kampuni, imefungwa, na maalim anasema hataki hata moja. Mwenye kutaka huria mpaka chini anarudi nyuma mpaka mashine za 2008: ThinkPad X200, T400, au Latitude E6400. Hizo zinakubali Libreboot, ambayo ni BIOS huria, na ile Intel ME inatolewa mzima mzima.

X200 yangu nimeifanya mwenyewe. Unafungua chini, unatoa kibodi na sehemu ya kuwekea viganja, unaiona chipu nyeusi ndogo imekaa pembeni ya bodi. Unaibana kwa klipu maalumu, waya zinakwenda kwenye kikompyuta cha Raspberry Pi. Tatizo klipu inateleza. Unasoma kilichomo ndani ya chipu mara ya kwanza, unasoma mara ya pili, unalinganisha mafaili mawili. Yakitofautiana hata kidogo klipu haijakaa, usiandike chochote. Nilikaa sakafuni taa ya simu nimeiuma kwa meno, feni nimeizima isipeperushe parafujo, joto la Machi linanishuka usoni. Yalipolingana mara tatu mfululizo ndipo nikaandika Libreboot.

Wanaotumia kile kifaa cha bei poa cha kuandikia chipu, CH341A, wajihadhari, vingi vinapeleka volti 5 kwenye nyaya za data na chipu inataka 3.3.

#16 Pweza Mkavu
ME ndiyo nini wazee? Tusioijua tunaogopa kuuliza.

#17 Bi Saateni
Ni kompyuta ndogo ndani ya chipu za Intel, ina programu yake iliyofungwa, inafanya kazi mbali na mfumo wako. Katika mashine za 2008 alizozitaja Jua Kali unaweza kuifuta kabisa. Zilizofuata huwezi: ukiifuta yote, mashine inajizima baada ya dakika 30. Unaloweza ni kuipunguza tu.

Jua Kali, ongeza hili: E6400 haina haja ya klipu. Kuna programu inayofungua ulinzi wa BIOS ukiwa ndani ya Linux, unaandika bila ya kufungua parafujo hata moja. Kwa mtu aliyeko Konde hilo ni jambo kubwa. Lakini uiangalie isiwe yenye NVIDIA.

#18 Chukwani Kwetu
Core 2 Duo, prosesa ya mashine hizo za 2008, mwaka huu? Fungua kurasa tatu za intaneti uone. Mnamtuma maalim akanunue makumbusho.

#19 Jua Kali Fumba
Yangu ina RAM ya GB 8 na SSD. LibreOffice inafunguka kabla hujakaa sawa kitini. Video za ubora mkubwa inahema, hilo nakubali. Lakini maalim anasomesha, hafungui sinema.

#20 Kariakoo Boy
Mkuu @Bi Saateni nimejifunza kuhusu hiyo orodha ya kadi, shukrani. Ila nauliza, mbona mnahangaika na vya zamani? Windows 10 imeisha msaada Oktoba 14, 2025, na Windows 11 haikubali rasmi karibu prosesa zote za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane. Maofisi huko nje yanazitupa za kizazi cha sita na cha saba. Bei zinaporomoka. Subirini.

#21 Fundi Mchangani
Zinaporomoka kwenye mtandao. Hapa Mchangani muuzaji akishusha bei ya mzigo uliomgharimu, ujue ana harusi. Mie sijaona kushuka.

#22 Bi Saateni
Nami naona zimeanza kushuka kidogo, lakini zinazoshuka ni zenye betri zilizokufa. Na kwa huria tupu, kizazi cha sita kwenda juu kina ugumu wake: kadi ya picha ya Intel inaanza kutaka vifaili vya kampuni. Bila navyo picha inaonekana, ila umeme unaliwa zaidi. Na nafasi ya kadi imekuwa M.2, ile AR5B95 haingii.

#23 Mtoto wa Wete
Mkitaja umeme sisi wa Pemba tunacheka. Mnakumbuka Unguja ilivyokaa gizani kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010? Miezi mitatu! Sisi na majenereta yetu ya dizeli tunatazama mpira. Watu wa mjini walikuwa wanapiga simu huku kuuliza matokeo.

#24 Pweza Mkavu
Na mwaka huo huo mkaletewa waya wa baharini kutoka Tanga. Mlipoungwa na Gridi kicheko kikaisha.

#25 Mtoto wa Wete
Wivu. Turudi kwenye mada. Maalim, mbona usinunue tu laptopu yoyote ukachomeka kidude cha waifai cha USB? TP-Link TL-WN722N, ninacho, kinashika Trisquel bila ya chochote.

#26 Jua Kali Fumba
Inategemea toleo. Toleo la kwanza lina chipu ya AR9271, na hiyo hata programu yake ya ndani msimbo wake uko wazi. Toleo la pili na la tatu wametia Realtek. Jina lile lile TL-WN722N, antena ile ile, weupe ule ule. Geuza nyuma usome stika, mwisho wa mstari imeandikwa V1, V2 au V3.

#27 Mtoto wa Wete
Nimegeuza. V1. Alhamdulillah.

#28 Ami wa Rahaleo
Vijana, mie ni mzee nasoma tu kimya. Hicho cha Jua Kali ndicho jibu la swali la kwanza pia. Ikiwa kidude cha USB kinabadilishwa ubongo na jina linabaki, na laptopu hivyo hivyo. Mnashindania fundi na kopo lake, kumbe kampuni yenyewe ndiyo inayochanganya.

Na nisahihishe kitu nilichosikia barazani, si hapa: kwamba Linux aliianzisha Stallman. Stallman alitangaza mradi wa GNU mwaka 1983. Keneli ya Linux ni ya Linus Torvalds, 1991. Na Kiswahili tulikuwemo mapema: OpenOffice ya Kiswahili, Jambo OpenOffice, ilitoka 2004 kupitia mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nilikuwa nayo kwenye CD. Menyu zote Kiswahili, na wajukuu wakinicheka kwamba hawaelewi.

#29 Chukwani Kwetu
Shikamoo ami. Hiyo CD ipo bado?

#30 Ami wa Rahaleo
Marahaba mwanangu. Ipo kabatini, lakini imepata ukungu. CD, diski, nyaya, vyote nyumba hii vinaliwa na unyevu. Maalim kumbuka hilo: mashine iliyokaa mwaka dirishani karibu na pwani, meno ya kadi yanaota kutu ya kijani. Huenda ya pili ilikuwa haikai sawa tundu lake, ukiigusa inashika, ukiiweka chini inaacha. Futa meno kwa kifutio cha penseli.

#31 Fundi Mchangani
Ami, kwa heshima, hiyo ingekatika hata kwenye Windows. Ingawa nakubali nimeona kadi zinazoshika mchana na kukataa usiku kukiwa na umande. Sina maelezo.

#32 Mama Nassor
Salaam. Mimi si fundi, nauza vitambaa, natumia Trisquel mwaka wa pili sasa kwa hesabu za duka. Laptopu yangu waifai yake haijawahi kushika hata siku moja na wala sijali. Nachomeka simu kwa waya wa USB, naruhusu kushiriki intaneti, basi, nimo mtandaoni. Haikuniomba draiva yoyote. Na simu inachaji hapo hapo. Kwani nani hapa anayo waifai nyumbani? Sote tunaishi kwa bando.

#33 Pweza Mkavu
Post thelathini na moja za mafundi, Mama Nassor kamaliza kwa waya.

#34 Jua Kali Fumba
Hajamaliza. Simu yenyewe ndani imejaa programu za siri kuliko laptopu.

#35 Mama Nassor
Simu ninayo tayari mwanangu, na mpesa zangu zimo humo. Nikuelewe vipi?

#36 Maalim wa Konde
Shukrani nyote. Nimemtuma mtoto wa dada yangu anayesoma Tunguu apite pale dukani na flashi, aandike lspci kama alivyosema fundi. Ile iliyokubali imeshauzwa. Iliyobaki amesoma: Intel Centrino Advanced-N 6205. Kiswichi cha ubavuni amekisogeza huku na huku, hakuna kilichobadilika. Picha ni Intel peke yake, betri inashika saa moja na nusu. Muuzaji ameshuka mpaka 360,000.

#37 Fundi Mchangani
Nilisema kadi.

#38 Kibarazani
Umesema kadi ya hii. Ile iliyouzwa ilikuwa na nini? Hujui. Ukiwa mkweli, nusu ya fumbo imeondoka na mnunuzi.

#39 Mtoto wa Wete
Huenda hata haikuwa na Atheros. Maduka yale watu wanajaribu vidude vya USB mchana kutwa, huenda kimoja kilisahauliwa nyuma kimechomekwa. Vyengine vidogo kama ukucha. Maalim uliangalia matundu ya nyuma?

#40 Maalim wa Konde
Nyuma sikuangalia.

#41 Bi Saateni
Mwambie mpwao ainunue hii hii kwa 360,000, akague bawaba za kioo na ajaribu kila kitufe cha kibodi kabla ya kutoa pesa. Herufi ya A na kitufe cha nafasi hufa mwanzo. Halafu apite kwa Fundi Mchangani atiwe AR5B95. Fundi unayo?

#42 Fundi Mchangani
Ninazo mbili. Elfu ishirini na tano na kuifunga. Kwa maalim ishirini.

#43 Jua Kali Fumba
E6430 nayo Libreboot inaikubali, ila ME itabaki kidogo. Akitaka huria mpaka chini aje na E6400, tutakutana Fumba tuiandike jioni moja. Raspberry Pi haitahitajika.

#44 Kariakoo Boy
Fundi, hiyo ya pili niwekee. Nina X230 hapa nimeshaipenda, nataka nione hiyo orodha ya kadi kwa macho yangu.

#45 Pweza Mkavu
Na nauli ya boti?

#46 Kariakoo Boy
Nitakuja Ijumaa, nile na urojo.